Bote Baliitika

Siku ile Ruphin, mtoto wa Casimir, alipokuja kuita majina yetu kando ya kijito, nilikuwa nimeinama katika tuta la vitunguu, matope hadi viwikoni. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja wenye bustani pale chini ya kiwanda. Yangu imenilisha mimi na mjukuu wangu Sephora tangu marehemu mume wangu Zéphirin alipotuacha. Ruphin alivaa fulana ya kijani ya kampani, na kofia ngumu iliyomshinda kichwa.

"Mama Madeleine!"

"Niko!"

Mtu mzima akiitwa asipojibu, ana kiburi au amekufa. Kila mmoja alijibu, naye akatia alama kwenye karatasi. Alisema anahesabu tu wenye bustani.

Sasa, kwetu Likasi kuitika ni neno moja lenye kazi mbili. Ukiitwa, unaitika. Ukikubali jambo, unaitika vilevile.

Miezi miwili ikapita, kampani ikatundika ubao wa Kifaransa langoni: imejifunga kufuata kanuni za kimataifa za kuheshimu jamii, haitachukua ardhi ya mtu kabla mwenyewe hajakubali. Niliusoma wote, polepole. Kwa masista niliishia darasa la sita, lakini kusoma sikusahau. Wiki hiyohiyo akaja Madame Simone, mkaguzi kutoka nje, kuona kama kampani inatimiza maneno yake. Kiswahili hakijui, Ruphin ndiye alimfasiria.

Tukakusanywa. Madame akauliza kwa Kifaransa kama tumekubali bustani zetu zichimbwe bwawa la maji machafu ya kiwanda. Ruphin hata hakutugeukia. Akafunua karatasi yake. Chini ya majina yetu ameandika: *Bote baliitika*, yaani wote waliitika.

"Elles ont toutes accepté," akasema. Kwamba sisi sote tumekubali.

"Ruphin," nikamwambia, "minye niliitika jina yangu. Bwawa sikuitika."

"Kambo," akaniita, yaani bibi, "usinipatishe haya mbele ya bageni."

"Haya uliipata wapi? Baba yako Casimir hakukuachia ata kidogo."

Wenzangu wakacheka, isipokuwa Orpha, jirani yangu.

"Umezeeka, kambo. Masikio inakufa."

"Masikio yangu inasikia Kifaransa yako yote." Nikamgeukia Madame. "Madame, je n'ai pas accepté. J'ai répondu présent." Kwamba sikukubali, niliitika tu nilipoitwa.

Madame akaacha kuandika. Akamtazama Ruphin, akamtazama tena, kisha akaamuru kila mwanamke aulizwe upya, mmoja mmoja.

Ruphin akauliza, jasho likimtoka chini ya kofia. "Munakubali bakamate mashamba, ao munakataa?" Halafu akaongeza, na hili hakulifasiri: "Na kila mutu akumbuke mutoto wake anatumika wapi." Nikatafuta Kifaransa cha kumwambia Madame hilo, changu hakikufika.

Orpha alikuwa wa kwanza. Mwanawe Jessy anaendesha lori la kampani. "Nakubali," akasema, akiangalia miguu yake. Na wengine tisa hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, kama wanaopokea majivu ya Kwaresima.

"Minye nakataa," nikasema.

Madame akaandika: kumi ndiyo, mmoja hapana. Akasema sasa kanuni zimefuatwa, akapanda gari.

Katapila lilikuja Jumatatu. Bustani kumi zimekuwa shimo, na ukingo wake unapita hatua mbili kutoka kwenye matuta yangu. Orpha hanisalimii tena. Anasema nimewaonyesha wote kuwa waoga.

Jana Ruphin alivuka ukingo, akasimama katikati ya lengalenga yangu, mchicha wetu wa huku.

"Kambo, kijito tutakifunga. Utanyweshea na nini?"

"Nitabeba maji ku kichwa kutoka bomba ya misheni."

"Ni mbali kabisa. Utafia mu njia."

"Basi utanizika. Sasa toka, unanikanyagia."

Akatazama chini. Kiatu chake kilikuwa juu ya mche mchanga. Hakukiondoa upesi.