Jina Kwenye Kioo Chekundu

"Andika: Bibi Alden Pickett," Alden alisema, na fundi akauinua mguu wake kukanyaga gurudumu.

Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake, kofia mkononi kwa sababu ya joto, nikivikodolea macho vikombe. Vilijaa kwenye rafu za kile kibanda, vidogo, vya kioo, vyekundu kwa nje kama jamu ya cheri. Fundi akikigusisha kimoja kwenye kigurudumu chake cha shaba, wekundu unatoka na maandishi yanabaki meupe. Kila aliyekwenda kwenye Maonyesho ya Chicago kiangazi kile alirudi nacho. Ingia sebule yoyote ya Iowa hadi leo, utakikuta kando ya saa ya ukutani: Kwa Mama, 1893. Kwa Shangazi Ruth, 1893. Mimi nilikuwa nakitamani cha kwangu tangu tuliposhuka kwenye treni.

"Bibi Alden Pickett ndiye nani?" nikauliza.

Alden akacheka. "Si ni wewe, Lavinia? Unakaribia kuwa."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo naomba lieleweke mapema. Tulikuwa tukitoka kanisani pamoja kila Jumapili, miaka nenda miaka rudi, yeye akinishikia mwavuli na kunisimulia habari za ng'ombe wao. Mji mzima wa Harmon ulikuwa umeshatuozesha. Wanawake wa kanisani walikuwa wamekaa duara wakishona mfarishi wa viraka kwa ajili ya kitanda chetu, na mama yangu alishatoa mashuka mapya sandukuni. Ambaye hakuna mtu aliyekumbuka kumuuliza ni mimi.

Nami nilinyamaza kwa sababu nilijua swali likija litakuja na jingine. Nilikuwa mwalimu. Huko kwetu mwalimu wa kike akiolewa, anakabidhi ufunguo wa shule. Ndivyo ilivyokuwa na hakuna aliyebishana. Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja, jiko la makaa katikati, ubao wenye ufa, na watoto wa wakulima wanaoingia na matope hadi magotini. Nilikipenda chumba kile kuliko kitu chochote duniani. Wapo waliojaliwa sauti ya kuimba. Mimi nilijaliwa kumfanya mtoto mkaidi asome, na nilijijua.

"Mimi niko wapi hapo?" nikamwambia. "Kuna Bibi, kuna wewe, kuna baba yako. Lavinia yuko wapi?"

"Si ndivyo wanavyoandika watu wote?"

"Na shule?"

Uso wake ukang'aa, kama aliyeniletea maji kabla sijayaomba. "Hilo lisikusumbue. Nimeshaongea na Bwana Gillett wa kamati ya shule. Amepata mwalimu mwingine, binti mmoja kutoka Dubuque, ataanza Septemba."

Nilikasirika. Nilikasirika mpaka kelele zote za maonyesho, bendi, watoto, mabaharia wa ziwani, zikafifia masikioni mwangu nikabaki nasikia lile gurudumu tu.

Fundi akaliachia likasimama. Alikuwa mzee kutoka Bohemia, na aproni yake ilijaa vumbi jekundu. "Kioo nikishakigusa hakifutiki," akasema. "Kubalianeni kwanza. Mimi sina haraka."

Waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni walikuwa nayo. Mwanamke mmoja akasonya.

"Lavinia, mwanangu, mbele za watu?" Huyo alikuwa mama yake Alden, aliyekuja kutuchunga, maana msichana hasafiri na mwanamume peke yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu imemvimba, amepakata mkoba uliojaa vijiko vya ukumbusho, kimoja kwa kila mwanamke wa kanisani kwetu. "Chukua kikombe chako twende zetu. Mimi ni Bibi Josiah Pickett miaka yote hii, na unaniona, sijafa."

"Samahani, mama," nikasema, kisha nikamgeukia mwanawe. "Alden, uliniuliza lini?"

Nilimwona akitafuta, maana ni mtu mkweli: ile siku ya pikiniki, ile jioni ya theluji, njia ya kanisani. Alitafuta kote.

"Nilidhani tulishaelewana," akasema mwishowe.

"Umeelewana na Bwana Gillett. Umeelewana na mama yangu na mama yako. Mimi sikuwepo."

"Basi nakuuliza sasa."

"Ahsante kwa kuniuliza. Siwezi, Alden. Na tukirudi nyumbani utakwenda mwenyewe kwa Bwana Gillett, kwa miguu yako, umwambie umekosea."

Akaishusha kofia yake hadi kwenye nyusi, akaondoka kuelekea kwenye lile gurudumu kubwa linalopandisha watu angani. Nilimhurumia. Lakini sikumwita.

"Andika Lavinia," nikamwambia fundi.

"Lavinia nani?"

"Lavinia tu. Inatosha."

Kilipokamilika nilikipokea kingali na majimaji ya gurudumu, nikakifuta kwa mkono wa gauni langu. Nikasikia kigoda kikilia. Mama yake Alden alikuwa amesimama anakuja, nami nikajikaza kupokea maneno yangu, maana niliyastahili mbele yake kama si mbele ya mwingine. Akaweka mkoba wa vijiko juu ya meza. Akatazama upande alikoelekea mwanawe, mpaka akawa na hakika kwamba hayupo.

"Na mimi nichoree kimoja," akamwambia fundi.

"Jina?"

Akainama juu ya meza.

"Keziah," akasema.

Nilikula mezani pake tangu sijaota meno. Alinifuta kamasi, alinifundisha kukanda mkate. Kwenye orodha ya kanisa, kwenye kadi za Krismasi, hata kwenye lebo za chupa zake za matunda, alikuwa Bibi Josiah Pickett. Jina lile sikuwahi kulisikia likitamkwa, wala na mumewe, aliyemwita Mama kama wanawe.

Akakifunga kile kikombe ndani ya leso, akakizamisha chini kabisa ya vijiko. "Usiseme," akaniambia. Sikusema.

Alden alikwenda kwa Bwana Gillett siku ya pili ya kurudi kwetu. Yule binti wa Dubuque alipewa shule nyingine, nami Septemba nikawasha jiko langu. Wapo wanawake ambao hawakunisalimia mpaka Krismasi. Ule mfarishi alipewa Hester Lyle, aliyeolewa na Alden baadaye. Nasikia alimuuliza mara mbili, ili ahakikishe. Watoto wao wote nimewasomesha mimi. Kikombe changu kilikaa mezani pangu shuleni, kimejaa chaki.

Mama Pickett alifariki mwaka juzi, mwezi Machi, barabara zikiwa tope tupu. Wiki chache baadaye, watoto wakiwa wameshaondoka, Alden akabisha hodi. Siku hizi ana mvi, na mwenyekiti wa kamati ya shule ni yeye. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akatoa kifurushi cha leso kwenye koti.

"Kilikuwa kabatini, nyuma ya sahani. Aliagiza nisikifungue, kije kikae na chako. Halafu kuna jambo nimekuja kukuuliza."

"Uliza."

"Mchonga mawe ananisubiri. Anataka kuandika Mke wa Josiah Pickett, kama yalivyo makaburi mengine. Nimeshindwa kumpa jibu. Wewe unaonaje?"

Nikaifungua leso, nikampa kikombe.

Jina la mama yake alikuwa akilijua. Limo kwenye Biblia yao ya nyumbani. Lakini alilisoma polepole, midomo ikicheza, kama watoto wangu wadogo wanavyosoma.

"Alikichoresha lini?"

"Siku ile ile. Ulipokwenda kwenye lile gurudumu kubwa."

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. Akapitisha kidole gumba juu ya yale maandishi. "Alisema Keziah tu?"

"Hakuongeza kitu."

Akakiweka kikombe mezani kando ya changu, akaviweka sawa, akavaa kofia yake na kwenda.

Njia yangu ya shule inapita makaburini. Jiwe lake liko karibu na lango, na jina liko juu, peke yake, kwa herufi kubwa unazoziona ukiwa bado barabarani. Maneno ya mke wa nani yameandikwa chini, madogo, na inabidi uiname kuyasoma. Watoto huniuliza Keziah wa kwenye kikombe ni nani, nami huwaambia wakaangalie langoni. Chaki nyeupe naziweka kwenye changu. Za rangi nimeziweka kwenye chake.