Kishungi cha Kumi na Moja

Mkono wa Velichka ulilala chali juu ya taulo jeupe, kando ya dirisha, kama samaki aliyevuliwa mtoni Danubi tangu jana na sasa anasubiri kuambiwa kama bado anafaa kuliwa. Tinka msusi aliuinamia, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Kwa kidole kimoja akazisogeza martenitsa mbili zilizofungwa hapo kwenye kifundo, zile nyuzi nyekundu na nyeupe ambazo kila mtu wa mji wa Lom huvaa kuanzia siku ya kwanza ya Machi mpaka amwone korongo wa kwanza, yule ndege anayerudi na joto.

"Mbona mbili, shoga? Unamsubiri korongo na mkewe?"

"Uzi mmoja ni wa Ralitsa."

Tinka alimjua binti huyo. Katika mji ule nusu ya watoto walikuwa wamehamia nchi za watu, na mama zao walibaki wakivaa, wakila na hata kupiga chafya kwa niaba yao.

"Bluu," akasema hatimaye, akiugonga mshipa kwa ukucha. "Zamani mishipa yako ilionekana ya kijani. Mwenye kijani ngozi yake ina joto, unamwekea hudhurungi yenye asali, yenye shaba, anang'aa kama sufuria mpya. Mwenye bluu ukimwekea shaba unamzika."

"Mishipa haibadiliki rangi, Tinka. Usinifanye mtoto."

"Mishipa haibadiliki. Ngozi iliyoifunika ndiyo imechoka kudanganya."

Velichka akauvuta mkono wake, akaufunika kwa mkono wa sweta. Hakuja hapo kusomewa mishipa. Alikuja kwa ajili ya pete.

Pete yenyewe ilining'inia msumarini karibu na kioo, pete ya chuma kubwa kama ya funguo za gereza, imetungwa vishungi ishirini na vitatu vya nywele za hudhurungi, kuanzia rangi ya chai ya maziwa hadi rangi ya udongo uliolowa. Tinka alikuwa amekusanya vishungi hivyo kwa miaka arobaini, na kila kimoja kilikuwa na hadithi iliyorefuka zaidi ya nywele zenyewe. Cha nne kilitoka kwa mwanamke wa bondeni aliyeosha nywele mtoni siku moja ya Mei, zikajisokota kwenye panga za meli ya mizigo, na manahodha wa nchi tatu wakakesha wakizichambua kwa vitana. Cha tisa kilikuwa cha mtawa aliyenyolewa mara saba na mara saba zikarudi kabla hajamaliza sala. Watu waliziamini hadithi hizo kwa kadiri walivyokuwa na muda.

Cha kumi na moja hakikuwa na hadithi. Hicho Velichka alikijua mwenyewe. Kilikuwa nywele zake, zilizokatwa katika ule msimu wa baridi ambao mkate ulipanda bei asubuhi na jioni. Aliingia saluni hii na msuko uliofika kiunoni, akatoka na kichwa chepesi kama boga lililokaushwa, na kesho yake Ralitsa akaenda shule na viatu vya manyoya. Msuko wenyewe uliuzwa jijini Sofia, ukaishi kichwani kwa mwanamke mwingine. Tinka akabakiza kishungi, kama wasusi wanavyofanya.

"Nataka rangi hiyo," Velichka alisema, akikinyooshea kidole. "Ya kumi na moja. Nitafutie nywele za rangi hiyohiyo, mpaka mabegani."

"Hiyo ni yako."

"Ndiyo maana naitaka."

Ralitsa alikuwa anakuja Jumamosi, kwa basi linalotoka Hispania, baada ya miaka tisa ya kufungasha malimau ya watu. Katika miaka hiyo walionana kwenye kioo kidogo cha simu tu, Ralitsa akiwa na kofia ya kazi, na Velichka alikaa daima kisogo kwa dirisha, kitambaa kichwani, akisema mtandao ni mbovu. Hakumwambia bintiye kwamba mwaka juzi mapafu yalimlaza hospitalini wiki sita, wala kwamba nywele zilimtoka konzi kwa konzi na kubaki kwenye mto wa kulalia. Kila Ralitsa alipouliza "Mama, uko salama?" alijibu kwamba nyanya zimezaa vizuri.

Na huenda angemngoja bila hofu, kama si kisa cha Dimka. Dimka, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikwenda kituoni vuli iliyopita kumpokea mwanawe atokaye Ujerumani. Alisimama na maua. Kijana akashuka, akaangaza huku na huku, akamjia moja kwa moja na kumuuliza, "Samahani bibi, teksi zinapatikana wapi?" Dimka akamwelekeza. Alimwelekeza kwa adabu kabisa, kwa mkono ule wenye maua. Mji mzima ulicheka mwezi mmoja. Velichka naye alicheka, akacheka mpaka nyumbani, akafunga mlango, akajitazama kiooni, kicheko kikamfia mdomoni.

"Kaa hapa," Tinka alisema. Akamvua kitambaa bila kuomba ruhusa, akamtandazia taulo jeupe mabegani ili rangi ya sweta isimdanganye, akazima taa. "Taa ni rafiki mbaya. Rangi ya nywele huchaguliwa kwa mwanga wa dirisha, na ngozi ya leo."

Akakitoa kishungi cha kumi na moja kwenye pete, akakilaza shavuni pake.

Velichka alitabasamu kabla hajatazama. Alipotazama, aliona nywele nzuri kupita kiasi, hudhurungi ya gome la mjozi lililopigwa na jua, bado hai kama siku zilipokatwa. Kando yake aliona uso wa manjano. Kila mahali nywele zilipowaka, ngozi ilizimika. Makunyanzi asiyoyajua yalijitokeza kusalimia. Ilikuwa kama mtu ameazima shela ya bibi harusi na kumvisha mgonjwa.

"Labda ni dirisha," alisema polepole.

"Dirisha nimeliosha jana."

"Ni zangu, Tinka. Zimeota humu humu kichwani."

"Zilikuwa za yule aliyemnunulia mtoto viatu. Naye alikuwa na miaka arobaini." Tinka alikiondoa kishungi, kwa upole sasa. "Dada yangu, nikikuwekea hii, binti yako atashuka kwenye basi na kuona nywele. Atazitambua nywele. Wewe atakuuliza teksi."

Nje, mwanamume mmoja alipita akisukuma baiskeli, hakuna mwingine aliyepita. Siku hizi katika mtaa ule ungeweza kuhesabu nyayo na ukajua ni za nani. Velichka alijiwa na wazo kwamba kwa miaka tisa hakuna mtu aliyemtazama usoni kwa karibu namna hii, na waliomtazama hospitalini walitazama karatasi.

"Kipi basi?" akauliza.

Tinka akahesabu vishungi peteni, akasimama kwenye cha kumi na tisa, hudhurungi baridi iliyochanganyika na majivu.

"Huyo ni panya," alisema Velichka.

"Panya wa ghalani, aliyeshiba. Tulia."

Kikalazwa shavuni. Manjano ikaondoka kama mtu aliyekumbuka ana safari. Macho yakarudi, yale ya kijivu aliyokuwa ameyasahau, na mashavu yakapata damu. Lakini aliyemtazama kutoka kiooni hakuwa Velichka wa msuko. Alikuwa Yonka, mama yake, bibi aliyemlea Ralitsa wakati Velichka akishika zamu kituo cha mabasi. Yonka aliyekufa mwaka mmoja kabla Ralitsa hajaondoka, ambaye hakuwahi kumpokea mtu mlangoni kwa salamu bali kwa swali lilelile: umekula?

"Loo, mama," Velichka alinong'ona.

Tinka hakujua anaambiwa nani, akabandika maji ya kahawa.

Kazi ilichukua mchana mzima. Tinka aliunganisha nywele shungi kwa shungi kwenye zile fupi za Velichka zilizoota upya, akizibana kwa vipete vidogo kuliko ufuta, akilinganisha rangi na ncha za nywele zake wala si na mizizi, akasimulia jinsi mwenye kishungi cha kumi na tisa alivyowahi kufungia ng'ombe kwa msuko wake na ng'ombe akaona haya kutoroka. Velichka hakucheka, lakini alisikiliza. Alipoaga aliomba kishungi cha kumi na moja. Tinka akasita, kisha akampa, na pete ikabaki na pengo.

Jumamosi alifika kituoni saa nzima kabla ya basi. Kitambaa alikiacha nyumbani. Alikuwa amejiapiza kutopunga mkono; ajulikane au asijulikane. Upepo wa mtoni ulizipeperusha zile nywele ngeni, na kila mara alizirudisha kwa uangalifu, kama mtu anayemtengeneza mtoto wa jirani. Mfukoni vidole vyake vilikishika kishungi.

Basi likaingia. Wakashuka wazee wawili, mwanamke na kapu, kisha mwanamke mnene kidogo mwenye nywele zilizokatwa fupi kama za mvulana, mvi zimeanza masikioni. Velichka alimtazama, akamwacha, akaendelea kutazama mlango wa basi. Hakuna mwingine aliyeshuka.

Alipogeuka, yule mwanamke alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Sanduku limemwangukia ubavuni na hakuliokota. Uso wake wote ulikuwa umelegea, kama uso wa mtoto aliyeamshwa.

"Bibi?" alisema Ralitsa, kwa sauti ndogo sana.

Velichka alifungua kinywa ili amsahihishe. Badala yake akaanza kuufungua ule uzi wa Ralitsa kwenye kifundo cha mkono wake, fundo likikataa.

"Umekula?" akamuuliza.