Goti la Dereva

Mtaani kwetu walisema sisi ni wapenzi. Wanawake walinisimamisha bombani waniulize nimempa nini mume wangu, maana kila pikapu yetu ilipopita waliniona nimeweka mkono kwenye goti lake kama bibi harusi. "Wenzio waume zao hata jina wamelisahau," aliniambia jirani yangu mshonaji, "wewe unapapasa goti barabarani mchana kweupe!" Nilicheka tu. Ningesema nini? Mume wangu hajawahi kunishika mkono kwa mapenzi tangu anioe, hata siku nilipojifungua kwa taabu nikamlilia akae karibu. Goti lile lilikuwa kazi, tena kazi ngumu.

Mume wangu alikuwa haoni.

Hakuwa kipofu wa kushika fimbo. Alikuwa na presha ya macho, na daktari alimwambia kilichokwisha kimekwisha, atunze kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kipande kidogo cha katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Lori likija mbele yake moja kwa moja, analiona. Pembeni haoni hata mkewe. Na huyu ni mtu ambaye mtaa mzima unamwita Dereva. Mama yake mzazi anamwita Dereva. Siku aliyotoka kwa daktari alinipa amri moja tu, kwamba asijue mtu. Kisha akanipandisha kwenye gari, akauchukua mkono wangu akauweka juu ya goti lake la kushoto, akaanza kunifundisha.

Nikibana, apunguze mwendo. Nikigonga kwa kidole, mbele kuna taa nyekundu. Nikilisukuma goti upande wake, asogee kulia. Nikilivuta kwangu, asogee kushoto. Nikikandamiza kwa kiganja chote, asimame hapo hapo bila kuuliza. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi mwaka mzima, tukibeba mageti na madirisha ya chuma kutoka karakana ya fundi wa kuchomea, ambaye kila mtu anamwita Cheche, tukiyapeleka kwenye nyumba zinazojengwa.

Ndani ya gari lenyewe hakuhitaji macho. Hugeuza ufunguo nusu akaniuliza, "Imezima?" Nikimjibu taa ya hita, ile ya kupasha injini joto, imezima, ndipo anawasha injini. Alijua kwamba swichi ya hazadi, zile taa za dharura, ukiibonyeza kwa pupa inazama na haitoki tena, na kwamba kioo cha upande wa abiria hakipandi mpaka ukisaidie kwa kiganja huku unazungusha. Hendibreki ya gari lile haiko kati ya viti. Ni mkono mfupi chini ya dashibodi, unauvuta kwako, na kuuachia lazima kwanza uuzungushe. Vyote hivyo alivifanya kwa vidole. Alichoshindwa ni mishale na taa ndogo za dashibodi, kwa hiyo akawa ananiuliza mimi: mshale wa joto umefika wapi, taa ya chaji imewaka, mafuta yako nusu au chini ya nusu. Nami nikajibu, na kadiri nilivyojibu nikalijua gari.

Wala sikujifunza kwa macho tu. Mguu wa kushoto ndio wa klachi, na mkono wangu ulikuwa juu ya mguu huo kutwa nzima. Kila alipokanyaga nilisikia goti likishuka, na kila alipoachia nilisikia linavyopanda polepole, likatulia kidogo pale injini inaposhika, kisha likamalizia. Cheche akipanda nasi, mimi hukaa katikati, na gia zinanipiga kwenye paja moja baada ya nyingine. Mwanamke mwenye akili timamu hawezi kukaa hivyo mwaka mzima asijue gari linaendeshwaje.

Basi Jumapili akienda ibadani na mama yake, mimi nikawa nachukua ufunguo. Nilianza kwenye kiwanja kitupu nyuma ya shule, gari likirukaruka kama mbuzi, mpaka likaacha kuruka. Nikaenda chuo cha udereva mchana, nikimwambia nakwenda kliniki. Nikafanya mtihani nikapita, na mtahini akaniuliza nilikuwa naendesha wapi siku zote.

Nilimpelekea mume wangu leseni akiwa amekaa uani. Akaipokea, akaisogeza karibu na pua, akaigeuza, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Ya nani hii?"

"Yangu, baba watoto."

"Nani amekutuma?"

"Macho yako," nikamwambia. "Nipe usukani kabla hujaua mtu."

"Tutaongea," akasema, akanirudishia. Hatukuongea. Nami sitajifanya malaika hapa: niliutaka usukani ule kwa sababu ya watoto wa watu wanaovuka barabara, na niliutaka pia kwa sababu nilikuwa naupenda. Niliupenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote cha ndani ya nyumba yake.

Siku yenyewe mvua ilikuwa inanyesha. Tulikuwa tumebeba geti kubwa la milango miwili, Cheche kakaa dirishani, mimi katikati. Kioo cha mbele kilijaa ukungu kwa pumzi zetu tatu. Nikageuza feni ipulizie kioo, nikamwambia mume wangu aongeze waipa, akaongeza. Mkono wangu uko kazini. Cheche akauona, akaanza utani wake.

"Dereva, shemeji leo anakukanda kwelikweli! Mtafika nyumbani kweli nyie, au niwashushe hapa niendeshe mwenyewe?"

Akacheka peke yake. Mume wangu hakucheka. Nikaona taya lake limekaza, na palepale mzee mmoja wa baiskeli akachomoza kutoka upande wa kushoto, amejifunika karatasi la nailoni kichwani. Nikakandamiza goti kwa kiganja chote. Mume wangu akautoa mkono wangu. Aliutoa kama mtu anayefukuza nzi, ili Cheche aone kwamba yeye si mwanamume wa kukandwa.

Nikavuta hendibreki.

Gari likateleza ubavu ubavu, geti likasogea likagonga kibini nyuma ya vichwa vyetu kwa kishindo, tukasimama. Nilisikia chuma chembamba kikipindika chini ya bampa. Nilidhani tumemgonga mtu. Ilikuwa baiskeli, mzee mwenyewe alikuwa kakaa kwenye tope pembeni, mzima, anatutukana matusi ya nguoni, na sijawahi kufurahia matusi kama siku ile.

"Dereva, hukumwona?" Cheche akauliza.

"Mvua," mume wangu akasema.

Cheche akamtazama, kisha akaupitisha mkono wake mbele yangu, akaupungia pembeni ya uso wa mume wangu, karibu kabisa na sikio. Mume wangu hakupepesa. Cheche akaushusha mkono, akautazama wangu, na nikaona anaanza kukumbuka safari zote alizopanda nasi.

"Shemeji," akaniambia taratibu, "wewe unajua kuendesha?"

Tukabadilishana viti. Tulimsaidia mzee na baiskeli yake, tukalifunga geti upya, nikakaa kwenye usukani nikatupeleka. Nilisubiri taa ya hita, nikawasha, nikaingia barabarani katika mvua ile, na kwenye nyumba tuliyopelekea geti nikarudi nyuma kwenye njia nyembamba, ukuta huku mtaro kule, sikugusa hata jani. Cheche akapiga makofi. "Aisee, shemeji! Umekuwa wapi siku zote?" Mume wangu alikaa dirishani akiwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili. Hakuuachia mpaka nyumbani.

Nilidhani yameisha. Nilipika nikiimba, mjinga mimi.

Asubuhi ya pili yake alikuja mdogo wake. Huyu shemeji yangu ni mtu mwema, lakini kazi haikai naye. Aliuza magodoro yakamshinda, akauza simu zikamshinda. Leseni anayo, ila gari pekee aliloliendesha ni la bosi wake wa magodoro, lile lisilo na klachi. Mume wangu akamkabidhi ufunguo mbele yangu, sebuleni, mama mkwe akishuhudia.

"Kuanzia leo utaendesha wewe," akamwambia. "Mke wangu atakuelekeza vile vidude."

Vidude! Nikatoka nje, kwa sababu ningebaki ningesema jambo mbele ya mkwe.

Nikamwelekeza. Sasa ningefanyaje, nimwache aue watu? Nilimkalisha, nikamwonyesha mkono wa kulia wa usukani ni indiketa na taa, wa kushoto ni waipa. Akawasha waipa alipotaka kukata kona. Nikamwonyesha taa kali na taa ya chini. Akabonyeza hazadi kwa pupa ikazama, tukaitoa kwa ncha ya kisu. Akaachia klachi ghafla, gari likazima. Akaachia tena, likazima. Alipozima mara ya sijui ngapi akaegemeza paji la uso kwenye usukani.

"Shemeji, kusema kweli," akaniambia, "hili gari unalijua wewe. Kwa nini usiendeshe wewe, mimi nikapakia na kushusha mizigo?"

Mume wangu alikuwa kasimama nyuma ya gari, anapapasa kufuli ya bodi. Alisikia. Nikashuka nikamfuata.

"Mjibu mdogo wako," nikamwambia. "Kauliza la maana."

"Watu watasema nini? Dereva anaendeshwa na mkewe?"

"Mbona nimekuendesha mwaka mzima?"

"Ndiyo," akasema, tena bila hasira, kama anayemweleza mtoto. "Lakini hakuna aliyejua."

Ningempata mwenye kunipiga kofi ningemshukuru, maana kofi lina mwisho. Mwaka mzima nilidhani tunaficha macho yake. Kumbe na mimi nilikuwa nafichwa, na mimi ndiye niliyejificha mwenyewe, kwa kiganja changu. Cheche alipofika kuchukua gari nikamtazama, nikingoja aseme yale ya jana. Akajikuna shingo. "Mambo ya ndugu hayo, shemeji," akasema, "mimi fundi tu." Wakapanda mbele wanaume watatu, wakaniambia nikae nyuma nishikilie madirisha. Sikupanda.

Nilikwenda kwenye yadi ya maji, kwa mama mmoja mwenye malori ya matangi ambaye madereva wake wawili walikuwa wamemkimbia. Alinitazama miguu mpaka kichwa, akanipa ufunguo wa lori bovu kuliko yote, akaniambia nilirudishe nyuma katikati ya matangi mawili. Nikalirudisha. Akaniambia nianze kesho. Nyumbani nilisema nimepata kazi kwenye yadi ya maji.

"Kuosha matangi?" mume wangu akauliza.

"Kazi za yadini," nikasema. Hakuuliza zaidi. Hakuwa ameniuliza jambo jingine tangu aliponipa kazi ya vidude.

Siku yangu ya kwanza nilipangiwa kupeleka maji ng'ambo ya mlima. Kwenye mwinuko mkali nikaikuta pikapu yetu imekwama katikati, moshi unatoka, shemeji yangu anahangaika na klachi, gari linarudi nyuma kila anapojaribu. Mume wangu kakaa dirishani, uso mbele. Lori langu limejaa maji. Nikapunguza gia mapema, nikaongeza mafuta kidogo, nikawazunguka taratibu nikapanda. Shemeji aliniona. Alifungua mdomo, kisha akaufunga, akainamisha kichwa kwenye dashibodi kama anayetafuta kitu. Mume wangu alikuwa ananitazama, kwa jinsi uso wake ulivyoelekea, lakini mimi sikuwemo kwenye tundu lake la ufunguo.

Jioni nilimwandalia chakula. Alikula akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya baiskeli.

"Leo pale mlimani shemeji yako alizimikiwa," akaanza. "Likaja lori la maji, limejaa pomoni, nimelisikia kwa jinsi injini inavyolia. Dereva wake akashusha gia, we mama, bila kukwaruza hata kidogo! Akaiachia klachi polepole, ikashika, akamalizia. Akapanda kama anatembea kwa miguu. Miaka yote niliyokaa barabarani sijasikia mtu anaachia klachi namna ile, labda mimi mwenyewe zamani." Akatikisa kichwa. "Yule bwana anajua kazi. Angekuwa ndiye ndugu yangu, gari lile ningempa leo hii, na ningekaa pembeni yake nikasinzia."

Akanyoosha mkono kutafuta kikombe, nikakisogeza karibu na vidole vyake.

"Wewe si uko pale yadini? Unamjua?"

Nilikuwa na jibu mdomoni, limeiva. Lakini nilijua nikilitoa, klachi ile ingeharibika palepale masikioni mwake; angeanza kukumbuka mahali nilipokwaruza, angekumbuka lori liliyumba, angesema alikuwa anatania. Nilitaka ibaki nzuri, angalau mahali pamoja duniani, hata kama si kwa jina langu.

"Simjui," nikamwambia, nikaenda kuosha vyombo.