Papa Hajasema

Mama alifia hospitalini Kampala, alikokuja kutibiwa, na sisi Wajaluo hatumwachi mzazi kwenye ardhi ya watu. Jumamosi mwili ulitakiwa kurudi nyumbani Ugenya, ng'ambo ya mpaka. Wanawe tuko wawili tu: mimi Aluoch, ninayeuza mashuka Nakivubo, na mdogo wangu Celestine, aliyehamia Makindye kwenye nyumba ya akina mama wa kanisa la Nabii Kidega. Binti asipoonekana kwenye kaburi la mama yake, kwetu jambo hilo husemwa mpaka wajukuu walisikie.

Nilimkuta akichambua mchele. Tulilia pamoja, kisha nikamwambia afungashe nguo.

"Papa hajasema," akanijibu. Papa ndiye Kidega.

"Amekukataza?"

"Hajakataza, dada. Hajasema tu."

Damu ilinichemka. Huyu ndiye Celestine aliyekuwa akigombana na askari wa soko bila kupepesa jicho, na sasa hawezi kwenda kumzika mamake mpaka mtu fulani afungue mdomo. Lakini yule bwana hakumpata kwa uchawi. Mimba yake ilipotoka na mumewe akatoroka, ni wanawake wa Kidega waliokuja kumfulia, kumpikia uji na kulala naye chumbani asiwe peke yake. Sisi ndugu tulituma pole kwa simu.

Nikaenda kanisani kumtafuta huyo Papa, matusi yangu yakiwa tayari mdomoni. Akainuka kitini aliponiona, akanipa pole kwa mikono miwili, akauliza jina la Mama. Nikasema Akeyo. Akalirudia polepole, macho ameyafumba, na matusi yangu sikuyaona tena yalikokwenda.

"Mimi simkatazi mtu, dada yangu," alisema. "Celestine ni mtu mzima. Yeye mwenyewe ameniomba nimsikilizie Mungu."

"Na Mungu anasemaje?"

"Bado. Ila msiba huu ni wetu sote. Nitakuja."

Akaja kweli. Ijumaa matanga yalikuwa kwangu Bugolobi, na mimi nilikuwa na viti sita vya kuazima. Kidega alileta hema, viti vya kutosha, masufuria, na wanawake waliopika na kuosha vyombo bila kuombwa. Mjomba Oduor, ambaye hajawahi kumsifu mchungaji yeyote, aliinua sahani yake ya pilau akasema huyu ndiye mtu wa Mungu. Baada ya chakula akamuuliza Kidega nani atangulie kuongea. Kidega akasema wenye msiba ndio waamue. Wakamwomba aamue yeye.

Niliyaona yote haya na yaliniudhi. Nilimpelekea chai hata hivyo, nikamshukuru.

Asubuhi ya Jumamosi jeneza lilikuwa ndani ya gari, na ndugu wameshakaa. Watu wa nyumbani walikuwa wamesisitiza tufike jua likiwa bado juu, na mpakani kuna foleni. Kidega alikuwa ndani ya gari lake upande wa pili wa barabara, vioo vimefungwa, kichwa kimeinama. Huenda alikuwa anaomba. Huenda alikuwa anasoma simu.

Celestine alisimama mlangoni mwa gari letu, begi begani, mkono umeshika chuma cha mlango. Mguu hakuuinua. Nilijua kabisa kwamba tukiondoka sasa hivi, tutamwacha amesimama pale pale, na Mama atazikwa na binti mmoja.

Sadik, dereva wetu, Mnubi wa Bombo, akatoa kichwa dirishani, akaniita bibi kwa Kiganda.

"Nnyabo, mwili iko ndani, watu iko ndani. Sisi nangoja nini?"

Kila mtu akanigeukia, maana gari nilikuwa nimelikodi mimi. Nikamtazama mdogo wangu. Nikatazama vile vioo vilivyofungwa ng'ambo ya barabara.

"Ngoja kidogo," nikamwambia Sadik. "Papa hajasema."

Celestine akanishika mkono, akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mama afariki.