Hatua Tatu za Nyasi

Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024, saa tatu na robo asubuhi. Mvua ilikuwa imekoma alfajiri, mawingu yakijikusanya upya upande wa mashariki bila haraka, na nyasi za bustani yangu zilikuwa bado zimeinama kwa uzito wa maji. Nakumbuka saa kwa sababu niliitazama. Na niliitazama kwa sababu mashine ilikuwa imegonga ua wa michongoma kwa mara ya tano mahali palepale. Mtu aliyelelewa kwa kengele, likimpata jambo asilolielewa, kwanza hutazama saa.

Ilikuwa roboti ya kukatia nyasi, ya kijivu, ukubwa wa sanduku la bweni, yenye magurudumu manne na pembe moja fupi mgongoni ya kusikilizia setilaiti. Ilikuja mpaka kwenye michongoma, ikagonga pua, ikarudi nyuma, ikajipinda kidogo, ikagonga tena. Kama mbuzi anayejua kwamba zizi lake liko upande wa pili.

Muuzaji, mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli safi kuliko shati langu, aliinama juu ya simu yake.

"Haijaharibika, Mzee," akasema. "Inadhani bado ina kazi huko ng'ambo. Hatua tatu hivi."

"Ng'ambo ni kwa jirani."

"Kwa hati uliyonipa, Mzee, ni kwako."

Ng'ambo ya ua, kikombe cha chai mkononi, alisimama jirani huyo, rafiki yangu kwa miaka hamsini. Alikuwa ameshinda asubuhi yote akiicheka mashine ile. Nilisikia kicheko chake kikikatika katikati, kama redio iliyozimwa.

Naye ndiye aliyenishauri nisiinunue.

Jambo lenyewe lilianza na goti langu. Kwa miaka mingi nilikata nyasi zangu mwenyewe, kwanza kwa fyekeo, kisha kwa mashine ya kusukuma, wala sikutaka mtu anisaidie. Mwaka ule goti la kulia lilikataa. Binti yangu, ambaye hukaa nami na hana subira na fahari ya wazee, aliniwekea vipeperushi viwili mezani, kimoja kila upande wa sahani, kama wakili anayewasilisha vielelezo.

"Baba, goti lako limeshaandika barua ya kuacha kazi. Chagua roboti moja, tupumzike sote."

Nikachagua kwa namna nilivyofanya kila jambo maishani: kwa jedwali. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka thelathini na mmoja; nimefunga maduka ya watu kwa ajili ya upungufu wa gramu hamsini. Mashine ya kwanza ilihitaji waya ufukiwe ardhini kuzunguka bustani nzima. Ilisikiliza mlio wa waya na kugeuka, haikujali mawingu wala miti, na bei yake haikumtisha mtu. Ya pili haikutaka waya. Ilitaka kuonyeshwa mipaka mara moja tu, kisha ikaikariri kwa msaada wa setilaiti. Ilikuwa ghali zaidi, na chini ya mwembe mmoja wenye kivuli kizito, muuzaji alikiri, ingeweza kupotea dakika mbili tatu.

Jioni moja nililipeleka jedwali langu kwa jirani, tukakaa kwenye benchi lake la mbao kama ilivyokuwa desturi yetu. Alilisoma kwa miwani iliyoshuka hadi ncha ya pua.

"Waya, Kiranja," akasema. "Huna haja ya kufikiri. Haya mambo ya setilaiti ni ya watu wasio na marafiki. Waya nitakufukia mimi mwenyewe, bure, kandokando ya ua. Siku moja tu."

"Unaupenda waya ghafla."

"Nakupenda wewe. Waya hausahau."

Aliniita Kiranja kwa sababu nilikuwa kiranja wa bweni letu. Mimi nilimwita Fyekeo, na jina hilo lina historia yake.

Katika shule yetu ya bweni kila mwanafunzi alikuwa na ploti yake ya nyasi, hatua tano kwa kumi, aliyoifyeka kila Jumamosi kabla ya ukaguzi. Mwalimu mkuu, mtu mkavu aliyeamini kwamba tabia ya mtu huonekana katika kona za kazi yake, alitutungia sheria moja ambayo sijaiona kwingine: hakuna aliyepima ploti yake mwenyewe. Kila mtu alipimiwa na jirani yake. Jirani alishika kamba, akahesabu hatua, akachomeka vijiti; nawe ulimpimia yeye. Baada ya hapo haikuruhusiwa kurudia. Kurudia kupima kulihesabiwa kuwa ni kumwita mwenzako mwizi mbele ya watu, na kijana aliyefanya hivyo alikula peke yake wiki nzima. Tulikicheka chakula chetu, tukaicheka hata kengele. Sheria hiyo hatukuicheka.

Kidato cha tatu, juma la mwisho kabla ya mitihani, niliugua homa nikashindwa hata kukaa. Ukaguzi ulikuwa siku ya pili yake, na ploti chafu maana yake ilikuwa kufungasha sanduku na kurudi nyumbani, mitihani au si mitihani. Jirani yangu wa ploti alifyeka yake, kisha akaingia katika yangu, katika mvua, mpaka viganja vikatoka damu. Hakuniambia. Nilijua nilipoona amefunga mikono kwa vipande vya shuka. Tangu siku hiyo nilimwita Fyekeo, na tangu siku hiyo nilisema, kwa maneno yaleyale, katika harusi yake, katika ubatizo wa wanawe na kila nilipopewa nafasi ya kusimama mbele ya watu: "Huyu bwana ananidai ploti moja." Watu walicheka. Mimi sikuwa natania. Tulipokaribia kustaafu tulinunua viwanja vilivyopakana, ili tuzeeke tukipimiana.

Miaka sita kabla ya asubuhi ile ya mashine, mke wangu aliugua. Nilihamia naye katika mji mwingine, kwenye chumba kimoja karibu na hospitali kubwa, tukakaa miezi kumi na minne. Nilirudi peke yangu. Nilipofungua lango nilikuta uzio wa zamani wa mbao, uliokuwa umeoza, umeondolewa, na mahali pake pamesimama ua wa michongoma, mchanga bado, umenyooka kama mstari wa rula.

"Nimekupandia," Fyekeo alisema. "Nilisema usirudi ukute mambo yamebomoka pande zote."

Nililia. Sikulia hospitalini wala makaburini. Nililia mbele ya ua ule, mkono wangu begani mwake.

Marehemu mke wangu alikuwa na mazoea ya kuhesabu hatua kutoka mlango wa jikoni hadi uzio kila alipokwenda kuanika nguo, na hesabu yake ilikuwa thelathini na nne, hata tulipohesabu pamoja. Katika miezi ile ya kwanza ya upweke nami nikaanza kuhesabu, ili sauti yake isizimike haraka. Nilipata thelathini na moja. Nikajiambia kwamba huzuni hupunguza vitu. Kwamba nyumba aliyotoka mtu husinyaa, na bustani nayo. Ninaona aibu kuliandika. Mtu anapozeeka hatua zake hufupika. Hesabu ilipaswa kuongezeka. Mkaguzi wa vipimo wa miaka thelathini na mmoja alipewa hesabu isiyowezekana, akaitia saini. Lakini mpimaji alikuwa jirani yangu, na mpimaji jirani hakaguliwi.

Kwa hiyo nilipochagua mashine ya setilaiti, sikuichagua kwa shaka. Niliichagua kwa sababu jedwali lilisema hivyo: waya hukatwa na jembe, waya huliwa na panya. Muuzaji aliileta kwa majaribio, akaeleza kwamba wateja wengi huiongoza tu ukingoni mara moja, lakini mwenye kutaka anaweza kuingiza vipimo vya pembe nne kutoka kwenye hati ya kiwanja.

"Ya nini hati?" Fyekeo aliuliza kutoka ng'ambo, haraka kidogo. "Dada, iongoze tu kando ya ua. Ua si upo?"

"Ianze kwa hati," nikasema. "Mimi siamini kuambiwa." Na hilo nalo nilidhani ni mzaha kati yetu.

Sasa mashine iligonga ua kwa mara ya sita. Muuzaji akaizima, akatutazama mmoja mmoja, akasema angesubiri kwenye gari. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi.

"Baba Mdogo," akamwita Fyekeo, kama alivyomwita tangu alipojua kusema, "inasemaje hiyo mashine?"

Nilitoka nje ya lango langu, nikaingia kwake. Nilihesabu kutoka kwenye ua: moja, mbili, tatu. Hatua ya tatu ilinifikisha kwenye benchi. Nilishika upande mmoja nikaliinua, na chini yake, limezungukwa na nyasi zilizofyekwa kwa uangalifu, lilikuwa jiwe la mpaka, na nambari zake zikisomeka.

Karibu miaka mitano nilikaa juu ya jiwe lile. Kila jioni nilikaribishwa, nikamiminiwa chai, nikasema asante. Miguu yangu ilikuwa kwangu na mgongo wangu ugenini, nami sikujua.

"Lilikuwa jambo la kugeuzia gari," Fyekeo alisema hatimaye. "Gari la mwanangu lilikuwa haligeuki pale. Nikasema, hatua tatu tu, akirudi nitamwambia, hatanikatalia. Kweli ungenikatalia?"

"Nisingekukatalia."

"Basi. Ukarudi vile ulivyorudi. Ukanishika bega ukalia. Ulinishukuru mapema mno, Kiranja. Ningesema nini tena baada ya hapo?"

"Ungesema hatua tatu."

Aliweka kikombe chini. Kwa muda nilidhani ataomba radhi, na nakiri nilikuwa nimeshaiandaa njia ya kusamehe. Badala yake alitabasamu lile tabasamu lake la bwenini, la mtu anayejua kwamba kiranja hatamripoti.

"Na wewe si umesema maisha yako yote nakudai ploti? Mbele ya watoto wangu? Basi hesabu kwamba nilijilipa. Tumemalizana."

Binti yangu alisema neno kutoka mlangoni ambalo sikumfundisha. Nilirudisha benchi mahali pake, polepole, nikaenda kumwambia muuzaji kwamba mashine nimeichukua.

Wiki ile nzima sikulala vizuri, wala si kwa sababu ya ardhi. Hatua tatu za nyasi sikuzihitaji; mtu wa umri wangu anahitaji hatua chache kuliko hizo. Kilichonikera ni ile mvua ya kidato cha tatu. Alikuwa ameirudia nyuma akaichafua. Viganja vile vilivyofungwa shuka, kitu safi kuliko vyote nilivyowahi kupewa na binadamu, alikuwa amevigeuza kuwa bei. Na maadamu nilikuwa bado nadaiwa, alikuwa na haki ya kutaja malipo.

Jumamosi iliyofuata, saa mbili kamili, nilibisha kwake nikiwa na kamba, vijiti vinne na viatu vizito. Mkewe alifungua, akaniona, akaenda kumwita bila kunikaribisha wala kunifukuza.

"Fyekeo lako bado liko stoo?" nikamwuliza.

"Lipo. La nini?"

"Lilete. Na unipimie ploti. Hatua tano kwa kumi, upande wako halali, nyuma ya jiwe."

"Acha mchezo, Kiranja. Goti hilo?"

"Nipimie, jirani."

Neno hilo lilimshinda. Alishika kamba kama tulivyoshika zamani, ncha moja kiunoni, akahesabu kwa sauti ya chini, akachomeka vijiti vinne kimoja kimoja. Alipomaliza akasimama pembeni, mikono nyuma, akisubiri nianze.

Sikuanza. Nilirudi kwenye kijiti cha kwanza, nikahesabu upya. Tano. Kumi. Tano. Kumi. Nilihesabu kwa sauti, ili asikie, na sikuinua macho kumtazama. Lakini kivuli chake kwenye nyasi niliona kikishusha kichwa. Vipimo vilikuwa sahihi kabisa. Kama angekuwa amenionea huruma akanipunguzia hatua moja, pengine ningeumia zaidi kidogo, au pungufu kidogo. Sijui mpaka leo.

Nilifyeka kwa saa mbili na dakika kumi. Goti lilijaa maji na fyekeo lilikuwa butu. Mara mbili binti yangu aliniita kutoka ng'ambo, "Baba, inatosha," na mara ya pili sauti yake ilikuwa imelegea. Nilikata kona zote nne kwa kuinama, kwa mkono, kama alivyotaka mwalimu mkuu. Viganja vilichubuka. Sikuvifunga.

Nilipomaliza nilifuta bapa la fyekeo kwa nyasi na kumkabidhi, mpini ukielekea kwake, kama tulivyofundishwa.

"Jumatatu saa mbili mafundi wanakuja kung'oa ua," nikasema. "Benchi uliondoe mwenyewe."

"Kiranja, kaa basi kidogo. Unatetemeka."

"Ploti moja. Ikague."

Aliitazama: kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Alichukua muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Imelipwa," akasema.