Risasi Katika Kitako cha Fimbo

Mwambire alipokuja kuagiza fimbo yake ya biliadi sikumuuliza maswali. Alisimamisha lori lake mbele ya karakana yangu pale Muyeye, akaingia bila hodi, akasema anataka ya mpingo, na kitakoni nimtilie risasi, ile ya kuyeyusha ambayo wavuvi wa Ngomeni hutengenezea chubwi za mishipi yao. Alipenda kugonga kwa nguvu, mipira itawanyike. Nikatoboa kitako, nikamimina, nikaziba kwa pembe, nikapiga msasa mpaka ikang'aa. Alinilipa papo hapo akaongeza juu yake. Mkono mtupu haulambwi, na wa Mwambire haukuwa mtupu.

Fimbo hiyo ndiyo iliyouvunja mkono wa kulia wa Lewa.

Lewa alikuwa mkwangua chumvi kule Marereni, na Jumamosi alishuka mjini kucheza katika kilabu cha Nduku, penye meza pekee ya biliadi mtaani kwetu. Alicheza polepole, kwa akili, na siku hiyo alikuwa amebakiza mpira mmoja tu amshinde Mwambire. Mwambire akadai kwamba Lewa ameusogeza mpira kwa mkono. Lewa hajajibu, Mwambire akaigeuza fimbo akakishusha kitako juu ya ule mkono uliokuwa umetulia ukingoni mwa meza. Vidole vitatu vikavunjika, na waliokaa mlangoni walisikia. Mwambire akapaka chaki, akaendelea kucheza peke yake.

Haya yalikuwa mwaka wa themanini na sita, mwezi wa Machi. Mei, Lewa akaja karakanani.

"Shikamoo, fundi Msellem."

"Marahaba. Mkono waonaje?"

Akauinua. Vidole vilikuwa vimejikunja na havikufunguka.

"Sasa nakwangua kwa kushoto," alisema. "Nyapara amenivumilia. Na huu nao ukienda, mke wangu Mbeyu na wanangu hawali."

"Basi utunze. Biliadi yakuhusu nini tena?"

"Nataka nimshinde mbele ya watu. Nikipita hapa Muyeye naitwa Mguu wa Kuku, na jina hilo amelitunga yeye. Nitengenezee fimbo, fundi. Kama yake, ya mpingo, yenye risasi."

Hapo nikawaka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sipendi kufundishwa kazi yangu na mteja. Nilimwambia fimbo hainunuliwi kwa kuiga ya mwenzio. Unatazama unavyocheza na unatazama ulicho nacho mfukoni, basi. Nikamsimamisha wima nikampima kuanzia sakafuni hadi kwapani. Nikamwuliza ana kiasi gani. Akafungua kitambaa, zikatoka shilingi sabini.

"Sabini haifiki hata kwenye kitako cha mpingo," nikamwambia. "Na hata ungekuwa nazo nisingekupa. Sasa utasukuma kwa kushoto, na huo mbovu utakuwa wa kuegemezea tu. Fimbo nzito itakutoka. Wewe mchezo wako ni wa taratibu. Wafaa nyepesi."

Nilikuwa na mbao za msonobari, za makasha yaliyowaletea Wataliano vyombo vya hoteli zao. Zilikuwa nyepesi, zimenyooka, na bei yake ni ya bure. Nikachagua ubao usio na vifundo.

"Na akiigeuza yake?" Lewa akauliza.

"Ala, ndiyo maana wataka ya risasi? Mimi nauza fimbo za mchezo, siuzi rungu. Nenda ukacheze. Hawezi kukupiga tena mbele ya watu wale wale, ataona haya."

Nilisema hivyo kwa sauti ya msikitini, na nilijipenda nilivyokuwa nikisema. Lewa akaziweka shilingi zake mezani. Nilimkerezea kwa siku mbili. Sijafanya kazi safi kama ile. Niliiviringisha juu ya kioo na haikuruka hata mahali pamoja.

Jumamosi alasiri nikaenda kilabuni. Mimi situmii pombe, nilisimama mlangoni tu, nikitaka kuiona fimbo yangu ikifanya kazi. Na ilifanya. Lewa aliiegemeza juu ya vile vidole vilivyojikunja kana kwamba vilikunjwa kwa kusudi hilo, akasukuma kwa kushoto, mpira mmoja baada ya mwingine ukaingia shimoni. Mwambire aligonga kwa nguvu zake zote na mipira yake ikazurura mezani. Watu walianza kucheka. Nduku mwenyewe aliacha kumimina bia akatazama. Lewa akautia mpira mweusi, wa mwisho, akanyanyuka, akasema kwa adabu, "Ahsante kwa mchezo."

Mwambire akaigeuza fimbo.

Pigo la kwanza lilimlenga kichwa. Lewa alishika fimbo yake kwa mikono miwili akainua kukinga, na msonobari wangu ukakatika kama muwa. Kitako cha mpingo kikapita katikati, kikampata begani, akaanguka kifudifudi juu ya meza. Mwambire akamkanyaga mgongo. Akaushika mkono wa kushoto, akaulaza ukingoni, akapiga kifundoni. Akapiga tena. La tatu lilipasua ngozi na mfupa ukatoka mweupe, damu ikaloweka kitambaa cha kijani. Lewa alipiga kelele mbili, kisha akanyamaza, akawa anatetemeka tu. Nduku alimvunjia Mwambire chupa kisogoni, na yeye hakugeuka. Akapiga la nne, la tano, pale pale, kwa utulivu, kama mtu anayepasua kuni. Wanaume kumi walikuwa mle ndani. Mimi nilikuwa wa kumi na moja, na miguu yangu haikutoka mlangoni.

Alipochoka aliifuta fimbo kwa shati la Lewa, akapanda lori lake akaenda zake. Alinipita karibu sana. Akanitikisia kichwa, kama watu wanaojuana.

Hospitalini walimkata mkono juu ya kifundo. Nilikaa siku tano nikijiambia kwamba aliyepiga si mimi. Siku ya sita nikashindwa kula, nikaenda.

Mbeyu, mkewe, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimlisha uji kwa kijiko. Hakunijibu salamu. Lewa akameza, akageuza uso kwangu.

"Fundi, ile ya Mwambire uliitia risasi kiasi gani?"

"Nusu ratili."

"Ulimwuliza ya nini?"

"Sikumwuliza."

"Ningekuja na pesa kama zake, mimi ungeniuliza?"

Nilikuwa nimejitayarishia maneno njia nzima, ya Mungu na ya majaaliwa. Niliona aibu kuyatoa. Mbeyu alikuwa amekishika kijiko hewani, naye akisubiri.

"Hapana," nikasema. "Ningekutilia."

Mbeyu akamfuta mumewe uji kidevuni, akaniambia nitoke. Nikatoka.