Toboa Ukuta, Mlango Paka

Mwanangu alimhurumia paka. Hilo nalisema mwanzo kabisa, ili mjue uchungu wangu ulianzia wapi. Kila asubuhi yeye na mkewe wakienda kazini, walifunga mlango wa chuma kwa nje, wakaniacha ndani na paka wetu tuliyembatiza Mheshimiwa, kwa kuwa hafanyi kazi na anapenda kula. Mheshimiwa alilia mlangoni hadi majirani wakalalamika. Jioni moja mwanangu akambeba, akamkuna kidevu, akasema, "Maskini, kufungiwa ndani mchana kutwa! Hata mimi ningepiga kelele."

Nilikuwa nimekaa pale pale, nachagua mchele. Nusura nimrushie ungo.

Mimi nilifungiwa kwa sababu nilipotea. Mara moja tu, ingawa mkwe wangu akisimulia, utadhani ni kila wiki. Nilikuwa nakwenda kwa shoga yangu mshonaji kuchukua gauni langu. Barabara ya kwake ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba, nikazungukia uchochoro nisioujua, kichwa kikavurugika, na jioni wakanikuta nimeketi kwenye ngazi za duka la dawa, sijui nilikotoka wala niendako. Mwanangu alilia siku ile. Tangu hapo ufunguo ukabaki mmoja, nao ukahamia mfukoni mwake. "Ni kwa usalama wako, Mama." Nikimuuliza nitatoka lini, ananiambia, "Tutaona." Ndivyo nilivyokuwa nikimjibu yeye utotoni akiomba baiskeli, na baiskeli hakuipata.

Paka lakini akaletewa fundi. Mlango wa chuma haukatiki kirahisi, basi ikaamuliwa utobolewe ukuta. Nyumba ni ya zamani, kuta zake ni za mawe, unene wake ni kutoka kwenye kiwiko changu hadi ncha za vidole. Mwanangu alimtumia fundi ujumbe wa simu, na asubuhi akamkabidhi ufunguo: aingie, ajifungie, mama asitoke.

Fundi akaingia, akafunga, ufunguo akautumbukiza mfukoni. Aliangalia boksi la kijimlango cha plastiki pale mezani, akagonga ukuta, akaguna.

"Mama, hapa kuna kazi. Hii siyo nyumba, ni gereza."

"Unaniambia mimi?" nikasema.

Drili yake haikufika hata nusu. Akashika nyundo na tindo, akalala kifudifudi, akawa anatoa jiwe moja baada ya jingine. Vumbi likajaa sebule nzima. Nilijikunyata kwenye kiti changu, pumzi inanibana, nikiona kama ukuta wote umenikalia kifuani. Halafu mwanga ukaingia, kipande kidogo tu pale sakafuni. Nikapiga magoti, nikapenyeza mkono. Vidole vyangu vikatokeza nje, juani. Sikuona haya, nililia. Mheshimiwa akanisukuma kando, akapita, akaenda zake bila kugeuka nyuma. Nikamwonea wivu paka, mtu mzima mimi.

Fundi alikizungushia kile kitundu bati, akafunga kijimlango. Kisha akatoa kopo la rangi ya bluu.

"Na hiyo ya nini?"

"Ya mlango." Akanisomea ujumbe kwenye simu yake: "Toboa ukuta sebuleni, mlango paka." Akaongeza, " Sasa ukuta nimeshatoboa. Bado kuupaka mlango."

Nilimwelewa mwanangu papo hapo. Ni mvivu wa kuandika tangu shule. Alitaka kusema mlango wa paka, ile "wa" akaimeza. Maneno yalinifika kwenye ncha ya ulimi. Nikanyamaza kama maji mtungini.

"Upake vizuri," nikasema. "Na fremu pia."

Akaufungua, akauacha wazi kabisa, akaupaka kotekote. Alipoosha brashi, nilikuwa nimeshavaa viatu.

"Mama, wapi tena? Nimeambiwa usitoke."

"Si umeambiwa ufunge mlango? Haya, ufunge."

Akautazama mlango, akaitazama fremu. "Rangi mbichi, Mama. Nikiufunga utagandana."

"Basi ndiyo hivyo."

"Usinitie matatani jamani! Ukipotea nitamwambia nini kijana wako?"

"Sipotei. Nitarudi kabla hujamaliza kupiga lipu."

Maneno hayo yalikuwa ya mdomoni tu. Nilipofika kwenye kona ya lile duka la dawa, nikashika nguzo ya taa. Vipi kama mwanangu alikuwa sahihi? Nikipotea leo, sitatoka tena mpaka nibebwe. Nikapiga moyo konde, nikahesabu kwa sauti mbele ya wapita njia: duka la dawa kushoto, kinyozi kulia, halafu geti jekundu. Shoga yangu aliponiona aliangusha mkasi. Alinisihi nikae kidogo, nikakataa. Kurudi ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Nilimkuta fundi mlangoni na mwiko mkononi, kachungulia barabara mpaka shingo imerefuka. "Mama," akasema, "umenizeesha."

Jioni mwanangu akashika kichwa. "Nani kapaka mlango?" Fundi akamwonyesha ujumbe. Akausoma, akaurudia, halafu akageuka haraka kunitafuta. "Ina maana ulikuwa wazi mchana kutwa?"

Kijimlango kikagonga, Mheshimiwa akaingia. Mkwe wangu akapiga makofi. "Mwone! Katoka mwenyewe, karudi mwenyewe!"

"Na mimi," nikasema.

Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, nimevaa gauni langu jipya. Mwanangu alilijua, maana ndilo nililokwenda kulichukua siku ile niliyopotea. Akalitazama hadi kwenye upindo, akaingia chumbani.

Asubuhi wakatoka. Nikasikia ufunguo ukigeuka kwa nje kama siku zote, nikakaa kitini. Hata kulia sikuweza.

Kijimlango kikagonga. Nikadhani ni Mheshimiwa, kumbe ni mkono wa mwanangu, umeingia hadi kwenye kiwiko. Ukaweka ufunguo sakafuni, ukausukuma uje kwangu.

"Mama," akasema kutoka nje, "jioni utanifungulia."